Bakuli la Hawa

Asubuhi katika mtaa wa Alunguli, mjini Kindu, huanza na ukungu. Unapanda kutoka mtoni, unapita kati ya nyumba, unafunika migomba mpaka nusu. Mtu anayepita njiani huonekana kichwa kwanza, kisha mabega, mwisho miguu. Watu wa hapo wamezoea. Falone pia alikuwa amezoea, mpaka mwaka ule.

Falone ni mke wa Djuma, kijana anayebeba abiria kwa pikipiki. Wanakaa na mama yake Djuma, Mwanahamisi. Kila asubuhi Djuma anaondoka kwenda kivukoni, na Falone anafagia uwanja. Mwanahamisi anapika uji wa mchele, mzito, wenye sukari nyingi. Anajaza mabakuli mawili. La kwanza ni lake. La pili analiweka kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Mvuke wake unaingia katika ukungu, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

"Hilo ni la Hawa," alimwambia Falone siku ya kwanza alipoolewa pale. "Usiliruke. Zunguka."

Hawa alikuwa mdogo wake Mwanahamisi. Wakati wa vita watu wengi wa Kindu walikimbilia msituni, na hao dada wawili walikimbia pamoja. Msituni Hawa alishikwa na homa, karibu na kijito, upande wa njia ya Kalima. Aliomba kitu kimoja tu: uji wa mchele wenye sukari. Sukari haikuwepo. Hata chumvi haikuwepo.

"Vumilia, mdogo wangu," Mwanahamisi alimwambia. "Tukirudi mjini, utakunywa kila asubuhi."

Mwanahamisi alirudi mjini. Hawa alibaki kule, chini ya udongo.

Ahadi ilikuwa imetoka kinywani, basi bakuli likawekwa. Lilikaa kizingitini mpaka jua liguse ukuta. Halafu Mwanahamisi aliketi, akasema bismillahi, akanywa uji ule wote. Mtu aliyewahi kula majani ya msituni hawezi kumwaga chakula. Ikawa hivyo tangu vita viishe: asubuhi moja, uji wa watu wawili, tumbo moja.

Mwaka ule, mvua zilipoanza, mambo yaligeuka.

Mwanahamisi alikula, akabaki na njaa. Alikunywa maji, akabaki na kiu. Ndoo ya Falone iliisha kabla ya saa sita. Hata hivyo mama alizidi kukonda. Gauni lake lilining'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kilikataa kupona, na watu wa mbali barabarani hakuwatambua tena.

"Mama, uko unakula kupita Djuma," Falone alisema, akijaribu kucheka. "Ile chakula inaenda wapi?"

Mwanahamisi alishika tumbo lake.

"Si mimi ninakula, mutoto wangu. Njo Hawa, ni yeye. Ameingia. Anakula kwa kinywa changu."

Kicheko cha Falone kikamfia mdomoni.

Kisha sisimizi walikuja. Kulikuwa na mahali nyuma ya nyumba, karibu na migomba, ambapo mama alijisaidia haja ndogo alipoamka alfajiri. Falone alikuta pale mstari mweusi wa sisimizi. Walikuwa wengi sana. Vichwa vyote vilielekea udongo, kana kwamba wanasikiliza. Hakuna chakula kilichomwagika pale. Alimwaga majivu. Kesho yake walikuwa wamerudi.

Asubuhi nyingine alimkuta mama mkwe amesimama mlango wa nyuma, anaongea na ukungu.

"Sogea basi. Mbona unasimama mbali?"

"Mama, unaongea na nani?"

"Humuoni? Ule pale. Amevaa nyeupe."

Falone aliangalia. Aliona shati la Djuma kwenye kamba, basi. Lakini shati lilikuwa linacheza, na upepo haukuwepo.

Jioni Mwanahamisi alitoa uamuzi. "Hawa hajashiba. Tutaongeza sukari katika bakuli lake. Falone, kesho uende kwa Kyakimwa."

Kyakimwa ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Duka lake liko jirani. Ana ulimi mwepesi na moyo mwema.

"Sukari tena?" alimuuliza Falone. "Muko munapika pombe kule nyumbani, nyie Waislamu?"

"Mama Kyakimwa, usicheke." Falone alisogea karibu, akamsimulia yote kwa sauti ndogo: njaa, kiu, kukonda, kidonda, yule wa nyeupe, na sisimizi.

Kyakimwa alikuwa anacheka. Aliposikia habari ya sisimizi, akanyamaza.

"Wanakusanyika pale anapokojoa?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

Kyakimwa alichukua sukari aliyokwisha kupima, akairudisha katika gunia.

"Leo sikuuzii. Baba yangu ilikuwa hivi hivi. Tulisema amelogwa. Tulimzungusha kwa waganga, huku na kule, na kila mmoja alikuwa na jina la mchawi. Mwishowe mguu ulioza, hospitali wakaukata. Hakukuwa na mchawi, Falone. Ilikuwa ugonjwa wa sukari. Sukari inajaa katika damu, inatoka na mkojo. Sisimizi wanafuata utamu. Mupeleke mama kituo cha afya. Usingoje."

Kesho yake Djuma alimpeleka mama kwa pikipiki, Falone nyuma yake akimshika kiuno. Muuguzi Okito alimchoma kidole, akachukua tone la damu, akaliweka kwenye kipimo kidogo. Alitazama kipimo, akakunja uso.

"Mama Mwanahamisi, sukari ya damu yako iko juu sana. Nisikilize. Chakula tunachokula, sehemu yake inageuka sukari. Damu inaibeba kuipeleka mwili mzima. Kwako sukari inafika mlangoni, lakini mlango umekwama. Inabaki nje, katika damu. Kwa hiyo unakula, na mwili bado unalia njaa."

"Njo maana ninakonda?"

"Njo maana. Na kiu, na kidonda kisichopona, na macho yanayoona giza."

Mwanahamisi aliinamisha kichwa. "Mimi ninaona mdogo wangu. Alikufa."

Okito hakucheka.

"Mama, mimi siwezi kukuambia umemuona nani. Ninaweza kukuambia kwamba macho yako yanaumwa. Tukiacha hivi, yatapotea. Mguu nao utapotea."

Alisafisha kidonda, akampa vidonge. "Utameza kila siku, hata ukijisikia vizuri. Usiruke chakula. Siku ukitetemeka na kutoka jasho la baridi, sukari imeshuka kupita kiasi: lamba sukari kidogo, halafu uje hapa haraka. Na ule uji wa asubuhi ulionitajia, uache."

"Nitaupika bila sukari," Falone alisema.

"Haitoshi, dada. Mchele, mahindi, muhogo, mkate, vyote vinageuka sukari ndani ya mwili, hata kama hukutia sukari. Mchana ale kidogo tu, na mboga nyingi, samaki, maharage. Asubuhi vibaki kando."

"Na asali? Asali ni dawa."

"Kwake asali ni sukari."

"Aka!" Mwanahamisi alisema. "Basi munipikie mawe."

Siku ileile Kyakimwa alifunga duka mapema, akaja uwanjani na vifurushi vyake. Alikuwa amejifunza kazi hii akimwuguza baba yake, baada ya kukatwa mguu. Alileta mbika, yaani mbegu za maboga, zilizokwisha kumenywa. Alileta karanga na soya.

"Kwanza tunachagua," alisema. "Karanga yenye ukungu ao yenye rangi ya kijani, tupa. Usiseme ni hasara. Ile ni sumu."

Soya, Kyakimwa alikuwa amekwisha kuzichemsha na kuzianika. Falone alizikaanga kwenye sufuria kavu, bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka zikawa za kahawia na kunukia. Akazisaga ziwe unga. Kisha akakaanga mbika. Zilivimba, zikaanza kuruka na kulia, ta, ta, ta. Akakaanga karanga, akazipukuta maganda.

"Sasa twanga mbika na karanga, lakini polepole," Kyakimwa alisema. "Zivunjike tu. Ukiona mafuta yanatoka, umepita. Itakuwa mchuzi."

Walichanganya vikombe viwili vya mbika, kikombe kimoja cha karanga na nusu kikombe cha unga wa soya. Walitia chumvi kidogo sana na tangawizi kavu. Siku walizopata nazi, waliikuna, wakaikausha juu ya moto na kuiongeza. Vikipoa, vyote vinaingia katika kopo kavu lenye kifuniko.

"Asubuhi unachota konzi moja, ao zaidi kidogo," Kyakimwa alimwambia Mwanahamisi. "Unamwagia maziwa ya moto bila sukari. Usijaze bakuli. Chakula hiki kina mafuta, kinashibisha haraka."

Mwanahamisi aliangalia ndani ya kopo. "Hii ni changarawe. Munataka kunijenga ao kunilisha?"

Wote walicheka. Toka siku ile chakula kile kiliitwa changarawe. Lakini alipotia kijiko cha kwanza mdomoni, Mwanahamisi aliacha kutafuna. Aligeuza uso upande wa migomba. Kisha akameza.

Alikula changarawe kila asubuhi. Vidonge alimeza. Hata hivyo waliporudi kwa Okito, sukari ilikuwa imeshuka kidogo tu.

"Nyumbani kuna kitu hamuniambii," Okito alisema.

Falone alijua. Alikuwa ameona kila siku, na aliogopa kusema. Bakuli la pili lilikuwa bado linawekwa kizingitini, uji mzito na sukari nyingi. Na jua lilipogusa ukuta, mama alilimaliza.

Asubuhi iliyofuata alijipa moyo. Ukungu ulikuwa mzito, hata migomba haikuonekana. Alimkuta mama ameketi, bakuli mbele yake, anangoja.

"Mama, ukinywa hilo utakuwa kipofu. Utakufa."

"Nikiacha, yeye atakuja kuniuliza."

"Tukimwaga?"

"Usiseme neno lile hapa!" Mwanahamisi alisema kwa ukali. Kisha sauti ikashuka. "Mutoto, wewe hujalala njaa pamoja na muntu, ukaamka peke yako."

Falone alikaa chini, bakuli kati yao.

"Kule msituni mulikuwa munakula nini?"

Mwanahamisi alijibu kama anaongea na bakuli.

"Majani. Mizizi. Na mbika. Hawa alikimbia na mbika ndani ya fundo la kikwembe chake, ile nguo aliyojifunga. Jioni alikuwa ananihesabia mkononi, ananipa. Yeye hali. Nikimuuliza, anasema, 'Yaya, dada yangu, meno yananiuma. Tafuna wewe.' Kila jioni, meno. Meno yake yalikuwa mazima, Falone. Nilimuosha mimi, nikayaona. Toka siku ile sikuwahi kula mbika, mpaka wewe uliponiwekea ile changarawe."

Falone alilia bila sauti. Halafu aliuliza swali aliloliogopa.

"Yule aliyekuachia mbika zake ili uishi, mama, njo huyo anakuja leo kukuua kwa uji?"

Nyuma ya ukungu sauti zilipita. Walikuwa watoto wa jirani, wanakwenda shule, wanabishana na kukohoa. Wengi wao hutoka nyumbani bila kula kitu.

Mwanahamisi alisikiliza mpaka wakafika karibu na ua. Aliinuka. Alichukua bakuli la Hawa kwa mikono miwili. Uji ukagusa ukingo, lakini haukumwagika.

"Sadaka," alisema. "Ahadi yangu ilikuwa uji unywewe kila asubuhi. Kwa jina la Hawa utanywewa. Si lazima kwa kinywa changu." Akapaza sauti: "Nyie watoto! Kujeni! Na kila mumoja aseme asante kwa Bibi Hawa!"

"Bibi Hawa ni nani?" mmoja aliuliza.

"Kunywa kwanza."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Uji wa Hawa uliwaendea watoto, na sukari ndani yake ilipunguzwa. Changarawe ilikuwa ya mama. Kwa Okito kipimo kilishuka, kikashuka tena. Kidonda kilifunga. Kiu iliondoka. Falone alifagia nyuma ya nyumba, akakuta udongo mtupu. Mama alianza kutambua watu wakiwa mbali barabarani, hata kuwasema. Mtaani wanawake walikuja kujifunza kukaanga mbika, na wawili kati yao walikwenda wenyewe kupimwa damu. Okito alifurahi, lakini alirudia kila mara: "Vidonge usiache. Na kipimo, rudi."

Miguu ilipopata nguvu, Mwanahamisi alimwomba mwanawe ampeleke njia ya Kalima. Hakuwa amekwenda kule hata siku moja tangu vita. Djuma aliacha pikipiki barabarani. Yeye, mama na Falone waliingia msituni kwa miguu, mpaka kijitoni.

Mahali palikuwa kimya. Ndege hawakulia. Hata maji yalipita juu ya mawe bila sauti, na Falone alimshika mume wake mkono. Mwanahamisi aliketi chini, akaweka kiganja juu ya udongo. Alisema maneno ambayo hawakuyasikia. Alisoma dua. Kisha alingoja, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayengoja jibu mlangoni.

Baada ya muda aliinuka, akapukuta kikwembe.

"Tuende nyumbani," alisema. "Njaa inaniuma."

Falone alishtuka. "Njaa ya nani, Mama?"

Mwanahamisi alikuwa amekwisha kutangulia njiani.

"Yangu," alisema.