Ukuta wa Heshima Ghalani

Saa kumi alasiri, Alhamisi tarehe 12 Agosti 1954, magunia arobaini ya kahawa yalipimwa tena kabla ya kupakiwa kwenye lori, katika ghala la ushirika mjini Mbeya. Kila gunia lilipungua ratili nne. Ilikuwa wiki ya sita mfululizo, na wakulima walitaka mlinzi Asukile afungwe.

Koplo Alinanuswe alimkuta Asukile amekaa chini na pingu mkononi.

"Ulitoka mlangoni?"

"Sijatoka, afande. Hata chakula naletewa. Gunia likishaingia mimi silioni tena."

Koplo akaipima njia kwa miguu. Kutoka mizani ya mlangoni hadi kwenye lori zilikuwa hatua tisini na sita, kwa sababu ukuta wa matete ulikata ghala katikati. Makuli walizunguka wee, wakachoka, wakatua magunia kwenye benchi lililoegemea ofisi ya msimamizi, Philbert. Zamani zilikuwa hatua ishirini na lori liliondoka kabla ya adhuhuri. Siku hizi liliondoka jioni. Mtu mwenye akili timamu hapangi ghala hivi.

"Ukuta wa nini huu?"

"Heshima, afande," Philbert alijibu. "Mimi wa Iringa, lakini mila zenu nazijua. Ikupa anachambua kahawa hapa, na mkwe wake, mzee Jailos, ni kuli. Mkamwana hamtazami baba mkwe."

Nani angebishana na adabu? Koplo mwenyewe, Mnyakyusa, nusura aridhike. Akamwendea Ikupa.

"Mkwe wako yuko wapi?"

"Baba alirudi Tukuyu mwezi wa tatu. Miguu inamsumbua."

"Na ukuta ulijengwa lini?"

"Wa sita, afande."

Koplo akapiga magoti penye benchi. Ubao mmoja wa ofisi ulikuwa na tundu lililozibwa kwa kijiti. Magunia yote yalikuwa na kitobo upande mmoja. Ofisi ilipofunguliwa, chini ya meza palikuwa na bambo, ule mrija wenye ncha wa kuchomea magunia, na kahawa ya kujaza gunia moja na nusu.

"Uliwachosha ili watue hapa," Koplo alisema, "na ukawaziba macho wachambuaji. Heshima yetu ukaifanya pazia."

"Miaka minane nahesabu mali za watu," Philbert alisema, amekaa kitako. "Nilitaka lori langu."

Ikupa ndiye aliyeng'oa tete la kwanza. Alhamisi iliyofuata lori liliondoka saa tano, uzito kamili, na Asukile alilifuata kila gunia kwa macho toka mlangoni, anacheka mwenyewe.

Matete hayakutupwa. Ikupa aliyapeleka hadi Tukuyu yakazungushiwe jiko la mkwe wake, akayatua njiani mbele ya nyumba, akageuka kabla mzee hajatoka, wasije wakatazamana.