Mshindi wa Mtamba

Maiti ya Gatimu ilikutwa saa kumi na moja jioni nyuma ya duka la Haridas, mjini Nyeri, kando ya tangi la maji. Alikuwa amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Hatua chache kutoka hapo, mtamba wa gredi, ng'ombe wa maziwa wa damu ya kizungu, zawadi aliyoishinda nusu saa tu kabla, alikuwa amefungwa kwenye nguzo akitafuna majani.

Inspekta Gicheru alifika na Konstebo Theuri na daktari wa polisi. Daktari alisema pigo lilikuwa moja, la kitu kizito. Hawakukitafuta sana. Tofali moja lililong'oka kwenye ukingo wa tangi lilikuwa na damu na nywele.

Haridas alikuwa amefunga mlango wa duka ili asitoke mtu. Alieleza kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alifanya mashindano ya karata, mchezo wa poka, katika chumba cha nyuma. Wachezaji walikuwa wanane, kila mmoja ametoa kiingilio, na siku hiyo, mwaka 1971, ilikuwa mara ya kwanza zawadi kuwa ng'ombe.

"Nani alitoka nje baada ya mchezo?"

"Wote, Inspekta. Watu wamekunywa chai kwa saa tatu nzima. Nitawazuia vipi kwenda chooni?"

Gicheru alipekua mifuko ya marehemu. Katika koti, chini kabisa, kulikuwa na maharagwe ya rosekoko, konzi nzima. Alipoyatoa, kiganja chake kiligeuka kijivu.

Alirudi ndani kutazama meza. Haridas hakuwa na vibao vya kuwekea dau, kwa hiyo alimpa kila mchezaji maharagwe arobaini kutoka gunia la dukani. Katika rundo la mshindi, mengi yalikuwa safi na yanang'aa. Mengine yalikuwa yamefifia.

"Haya ni ya gunia lako?"

Haridas aliyasugua kwa kidole. "Hapana. Yangu yamepepetwa. Nikiuza maharagwe na majivu, akina mama watanirushia usoni."

Gicheru hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mama yake pia alihifadhi maharagwe kwa kuyachanganya na majivu ya jikoni ili yasitobolewe na wadudu, fukusi. Gatimu alikuwa ameingia na maharagwe ya ghalani kwao, akawa anaongeza rundo lake kila alipopungukiwa.

Aliyejua habari za siku ile ni Muriithi, fundi wa baiskeli wa Karatina, rafiki wa marehemu na mmoja wa wachezaji. Alihojiwa kwanza. Alisema yeye na Gatimu walianza karata kiwandani mwa kahawa, mchezo wa kungoja mvua ipite, hakuna aliyeona ubaya. Jumamosi hiyo walikuwa wamecheza Murang'a asubuhi na Karatina adhuhuri, wakashindwa kote kuwili. Nyeri ndiyo iliyobaki.

"Alikuwa na haraka gani hivyo?"

"Ni dada yake, afande. Wachuka."

Wachuka alikuwa ameolewa Kangema. Wiki mbili nyuma alikimbilia kwa mama yake, mtoto mgongoni na jino limevunjika. Mumewe alituma neno kwamba wamrudishe mtamba aliyemtoa kama mahari; la sivyo, mke na mtoto wawe wamerudi ifikapo Jumapili. Mtamba yule alikuwa amekufa zamani kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, na nyumbani hapakuwa na mwingine.

"Aliposhinda alisema nini?"

"Alisema, 'Sasa huyu msichana atalala kwetu.' Akakaa chini."

"Wewe ulimgusa baada ya hapo?"

"Tulipeana mkono hapa mezani. Nje sikumkaribia."

Gicheru aliwaambia wachezaji wote wanyooshe mikono. Wote saba walikuwa na majivu kwenye ncha za vidole. Lakini mkono wa kulia wa shati la Muriithi ulikuwa wa kijivu kuanzia kifungo hadi karibu na kiwiko.

"Meza huchafua vidole, Muriithi. Mfuko wa koti lile ni mrefu. Mkono wako ulifika chini kabisa."

Muriithi aliutazama mkono wa shati lake kama kwamba ni wa mtu mwingine. Akaomba kukaa.

"Niliona majivu mchezo wa mwisho. Nikajiambia, ati labda ni macho yangu. Huko nje nikaingiza mkono mfukoni mwake, nikayapata."

"Kwa nini hakuyafuta?"

"Afute nini, afande? Kwetu maharagwe ni hivyo. Hata hakuyaona hayo majivu."

"Endelea."

"Niliuza cherehani ya mke wangu juzi ili nipate viingilio. Monicah hajui, anafikiri iko kwa fundi. Ningeshindwa kwa haki, ningeenda nyumbani nikatukanwe. Nikamwambia rudi ndani useme, mchezo urudiwe."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Wewe umepoteza cherehani. Mimi nikisema, napoteza mtu.' Halafu akanipa mgongo, akaenda kumfungua ng'ombe." Akatazama mezani. "Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Hilo tofali sikumbuki nikilishika."

Alitia sahihi taarifa yake bila kuisoma. Haridas, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa sauti ya chini kwamba mshindi aliyedanganya si mshindi. Mtamba angeuzwa na wachezaji warudishiwe viingilio vyao.

Theuri alisogea karibu na mkubwa wake. "Afande, hayo maharagwe ni lazima tuyaandike? Tukiyaacha, huenda dada yake akampata mtamba."

"Bila maharagwe hakuna sababu ya kuua. Muriithi atafika kwa hakimu aseme tulimpiga ndipo akakiri."

Gicheru alishika kalamu kwa muda mrefu. Kisha akaandika: kielelezo cha pili, maharagwe yenye majivu.

Jumapili asubuhi Wachuka alikuja kituoni na mtoto wake. Mama yao alikuwa ameshindwa kuinuka kitandani. Gicheru alimweleza yote, hata habari za mtamba, kwa sababu angezisikia sokoni. Hakulia. Alipokea koti na viatu vya kaka yake, akaweka alama ya dole gumba kwenye kitabu cha kupokelea vitu.

Akabaki amesimama.

"Unaweza kumshtaki mumeo," Gicheru alisema. "Nitaandika."

"Halafu nilale wapi, afande? Na mtoto ni wa kwao, mahari haijarudi." Alimpandisha mtoto mgongoni, akamfunga. "Niandikie tu barua. Useme ni polisi walinichelewesha. Nikifika Kangema jioni bila barua, ataniuliza nilikuwa wapi."

Gicheru alitafuta karatasi safi. Aliandika jina lake, saa aliyofika na saa aliyoondoka, akagonga muhuri. Wachuka aliishika kwa mikono miwili, akauliza kama wino umekauka, ndipo akaikunja.