Aliyeshika Upande wa Pili

Kitambaa cha kwanza kilichokamuliwa bila mtu kilikuwa pamba ya mita nne, rangi ya samawati.

Fundi alikiacha kwenye beseni uani, akaingia ndani kujinyoosha. Asubuhi nzima alikuwa amesimama kiwandani akishona mifuko ya suruali, na miguu ilikuwa imemvimba. Alipotoka alikikuta kambani, kimenyooshwa vizuri, hakidondoshi hata tone. Mama yake asingeweza. Alikuwa kitandani na kifua chake, hata birika halinyanyui.

"Labda nimeanika mwenyewe nikasahau," akajisemea. Uchovu ulikwisha kumsahaulisha makubwa kuliko hilo.

Miezi mitatu alikuwa akijaribu kutia vitambaa rangi nyumbani, ili siku moja aachane na kiwanda. Alichanganya unga wa rangi na chumvi na magadi, akafunga mafundo kwa uzi, akachora maua kwa nta. Mara rangi ifanye madoa, mara nta igome kutoka. Hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni kukamua. Pamba nzito inataka watu wawili, mmoja huku, mwingine kule, naye alikuwa peke yake. Siku moja, kabla ya kile cha samawati, mikono ikimwaka, alikuwa ameuambia ua mtupu, "Jamani, yeyote aliyepo anishikie upande wa pili."

Basi akashikiwa. Kila alasiri, akijilaza tu, alisikia huko uani pamba ikisokotwa na maji yakichuruzika, na harufu ikaingia dirishani, ya nywele zilizoungua. Akitoka hakuti mtu. Kambani kulikuwa na nyeusi ambayo hakuwahi kuichanganya, nyeusi nzito, yenye uhai. Hakuuliza. Alikuwa amechoka mno kuuliza.

Wifi yake ndiye aliyeuliza, alipokuja kumjulia mgonjwa hali.

"Wifi," alinong'ona, "macho ya mama yana nini?"

Fundi akainama kutazama. Mboni zilikuwa zimefifia kama maji yaliyooshewa mchele, na midomo imekuwa myeupe.

"Na ile nyeusi kambani umeitoa wapi?"

"Sikuichanganya mimi," Fundi akasema.

Siku ya pili wifi akamleta mkunga mstaafu, bibi aliyejulikana kwa kupunga majini na mapepo. Bibi alikinusa kitambaa, akakunja uso.

"Huyu hakuvunja mlango, mwanangu. Ulimwita. Na rangi anaitoa humu humu ndani. Kishike, umkatae kwa kinywa chako. Usiachie kabla yake."

Fundi akashika ncha moja, jua likiwa bado kali, na ile ncha nyingine ikanyanyuka polepole kutoka chini, ikakaza, ikaanza kusokota, na kitambaa kikavu kikatoa maji meusi yaliyomlowesha miguu, kikamzunguka viganja, kikapanda mpaka kwenye viwiko, na harufu ile ikamjaa kooni, na kutoka upande wa pili, pasipo na mtu, sauti kama yake mwenyewe ikamwambia kwa upole mkubwa, "Umechoka. Niachie mimi, ukalale," na Mungu ndiye shahidi, alitaka kulala, alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, mpaka akamsikia mama yake akikohoa ndani.

"Sikutaki," akasema. "Nitakamua mwenyewe."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Ncha ikaanguka. Kitambaa kilikuwa cheupe pe.

Macho ya mama yalirudi siku ya tatu. La kulia lote, la kushoto nusu. Hakuambiwa kitu, naye hakudadisi.

Fundi hakuacha kazi yake ya rangi. Siku hizi anafunga ncha moja kwenye nguzo ya uani, anakamua kidogo kidogo, anapumzika, anakamua tena. Ila zipo alasiri, mikono ikishakufa ganzi, ambapo kitambaa hujikaza chenyewe na mzigo ukawa mwepesi ghafla, mwepesi kwa namna inayotia machozi. Hapo huachia mara moja. Huketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, hungoja mpaka harufu ipite.

"Sijakuita," husema kwa sauti ya chini.

Kisha huinuka, akaanza upya.