Kiatu cha Kushoto

Rafiki yangu Corinne si mtu wa kutunga mambo. Ni mlinzi wa makumbusho huko Hartford, na katika maonyesho ya historia ya uchoraji wa Marekani yaliyofanyika humo, chumba cha kwanza hakikuwa chake kukilinda. Kilikuwa cha Wendell, mwenzake wa miaka kumi na moja, aliyezoea kula naye sahani moja. Jioni moja, wakati wa kufunga, Wendell akampa ufunguo.

"Leo nenda wewe, dada. Soma kipimo cha unyevu wa hewa, zima taa, basi. Goti linaniuma."

"Goti au uvivu?"

"Vyote," akasema akicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye viatu vya Corinne.

Chumba hakikuwa na dirisha. Pale ukutani kulikuwa na picha ya msichana, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Ndivyo wachoraji wa zamani walivyomchora mtoto aliyekwisha kufa.

Corinne akazima taa. Gizani akasikia ko ya kisigino cha kiatu, kisha unyayo mtupu ukiburuzika. Ko, kisha unyayo. Vikamfikia, vikanyamaza. Akapapasa ukuta, akawasha.

Pichani, mguu wa kushoto wa msichana, uliokuwa mtupu, sasa ulikuwa umevaa kiatu cheusi cha mlinzi, kikubwa kumzidi. Wa Corinne ulikuwa mtupu sakafuni.

Akatoka akichechemea. Wendell alikuwa ameketi nje na boksi la viatu vipya vya kike, saizi ya Corinne hasa. Akamsogezea boksi. Kiatu cha kushoto alikuwa amekwisha kukilegeza kamba.