Pamba Ndani ya Chupa

Kila siku saa moja asubuhi, akiwa bado amejitanda blanketi lake, Relebohile alimeza kidonge kimoja, kisha akanywa uji wa mtama. Alizaliwa na virusi vya Ukimwi, na dawa ilimweka mzima kama watoto wenzake. Bibi yake, aliyemwita Nkhono, ndiye aliyejaza pamba kwenye chupa ili vidonge visilie njiani, maana watu wana midomo.

Kwaya ya shule ilipokwenda mashindanoni mjini Mafeteng, walilala bwenini. Asubuhi, Relebohile alipopekua mkoba, pamba ilikuwa imechomoka. Chupa ikalia cha-cha-cha.

"Leo nimekukamata, mchoyo wewe," alisema rafiki yake Thato kutoka kitanda cha pili. "Mwaka mzima nakuona ukificha hiyo chupa mkobani, unakula pipi peke yako. Lete hapa."

Relebohile aliifumbata chupa. Siku moja, nyumbani kwa kina Thato, alikuwa amemwona shangazi wa Thato akimtengea jirani mwenye virusi kikombe chake peke yake. Angeweza kusema ni dawa za kichwa, lakini alikuwa amechoka kumdanganya Thato.

"Si pipi. Ni dawa za virusi vya Ukimwi. Nilizaliwa navyo. Nimekwambia wewe tu."

Thato aliteremka kitandani. Akachukua kikombe chao cha bati, akatoka. Relebohile alibaki ameukodolea macho mlango, akiamini kwamba amempoteza.

Thato alirudi na kikombe kimejaa maji. Akanywa nusu, akampa yaliyobaki.

"Meza, saa inakwenda. Kumbe nimekununia mwaka mzima kwa pipi ambazo hazipo."

Relebohile alicheka huku machozi yakimtoka, akameza. Hajawahi kuonja maji matamu kama yale.

Nyumbani alimsimulia Nkhono yote. Bibi aliigeuza geuza chupa mkononi.

"Pamba hii niliijaza kwa woga wangu, mjukuu wangu. Virusi haviambukizwi kwa kikombe, na wewe huna kosa la kuonea haya. Habari ya afya yako ni yako: mwambie unayemwamini, siku ukiwa tayari. Ila dawa isikupite hata siku moja, uwe umesema au hujasema."

"Ndiyo, Nkhono."

"Mama yako alikuita Relebohile, yaani tumeshukuru. Basi mlete huyo Thato Jumapili, nimshukuru mwenyewe. Na umnunulie pipi. Amezisubiri mwaka mzima."