Mjomba na Hesabu ya Kuku

Kila jioni Hidaya aliwafungia kuku bandani nyumbani kwao Mkuyuni, akiwahesabu kwa sauti. Na kila alipoanza, "Moja, mbili, tatu," mjomba wake Mwinshehe alichuchumaa kando ya mlango, kimya. Alikuwa ametoka gerezani wiki tatu zilizopita, na tangu hapo hakuthubutu kutoka nje ya ua.

Hidaya hakujua kumeza swali. "Mjomba, shikamoo. Mbona nikihesabu kuku unachuchumaa?"

"Marahaba." Mjomba aliinuka kwa aibu. "Miaka minne tulihesabiwa hivyo asubuhi na jioni. Miguu yangu haijajua kwamba nimetoka."

"Hakukuwa na raha yoyote?"

"Mpira! Kila Jumamosi nilikuwa kipa." Uso wake ulichangamka. "Mpira ukija, mabeki waliniita nitoke golini kuudaka, 'Mwinshehe, toka!' Kusikia jina langu badala ya namba, hasira niliyoingia nayo ilipungua. Bila mpira ningechanganyikiwa."

Hidaya aliona haya. Shuleni alikuwa amesema mjomba wake ni dereva wa lori Dar. Na timu yao ya wasichana ilikuwa imefungwa mabao sita, kwa kuwa kipa wao, Semeni, alifumba macho kila mpira ulipokuja.

Kesho yake mazoezini aliwaambia wenzake, "Niliwadanganya. Mjomba wangu alikuwa gerezani. Alimjeruhi mtu katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Lakini ni kipa hodari."

"Kama anajua kudaka, aje," Semeni alisema. Mwalimu Editha, kocha wao, naye alikubali.

Kumleta ndiyo ilikuwa kazi. "Watanicheka," mjomba alisema, ameng'ang'ania mlango.

"Wanajua yote, mjomba. Nimewaambia mwenyewe."

Mjomba aliuachia mlango, akavaa viatu.

Uwanjani Mwalimu Editha alianza kuwahesabu wachezaji. "Moja, mbili, tatu..." Magoti ya mjomba yakapinda. Hidaya alishikwa na hofu. Mara Semeni akapaza sauti golini, "Mjomba Mwinshehe, nitoke au nibaki?"

"Toka! Macho wazi!" mjomba alijibu, na tayari alikuwa anakimbilia golini.

Baada ya mazoezi, Mwalimu Editha alimwambia Hidaya, "Adhabu yake aliimaliza. Uongo wako ulikuwa unamficha kana kwamba bado anaitumikia. Mkweli humpa mwenzake nafasi ya kuanza upya, na mchezo humsaidia kusimama."

Jioni hiyo Hidaya alihesabu kuku kwa sauti kubwa kuliko siku zote. "...tisa, kumi. Wametimia!"

"Wapi!" alisema mjomba, amesimama wima mlangoni. "Jogoo umemsahau."