Nungu wa Kisahani na Kofia ya Mjomba Ndaro

Tulieni, watoto. Midomo ipumzike, masikio yafanye kazi.

Nyamvula alikuwa mdogo. Mama yake alikuwa fundi wa spika, na nyumba yao ilinguruma kutwa nzima. Du, du, du.

Ndani ya spika nyingine mna mafuta meusi kidogo, yenye chembe za chuma. Mama alimpa Nyamvula matone machache kwenye kisahani, pamoja na sumaku moja kuukuu.

Nyamvula akiishika sumaku chini ya kisahani, mafuta yanaota miba. Chwi, chwi, chwi.

Akiiondoa, miba inalala. Pwaa.

Basi mafuta yale akayapa jina. Akayaita Nungu.

Siku moja akaja Mjomba Ndaro, kaka yake Mama. Kofia yake kubwa, mdomo wake mkubwa zaidi. Alisema yeye ndiye aliyewafundisha majogoo kuwika. Majogoo hawakuulizwa.

Kulipokucha, sumaku haipo. Nyamvula akatafuta chini ya mkeka. Akatafuta ndani ya viatu. Haipo.

"Nungu, simama," akaomba.

Nungu kimya. Amelala tu. Pwaa.

Mjomba Ndaro akacheka mpaka kofia ikatikisika. Akaketi. Akainamisha kichwa juu ya kisahani.

"Simama! Nani mkubwa hapa?"

Chwi, chwi, chwi. Nungu akasimama, miba yote juu.

Watoto wa jirani wakaja mbio. Mjomba akasema anayetaka kuona alete andazi. Wakaleta. Akala. Akajipangusa mdomo, akainama tena.

"Simama! Nani mkubwa hapa?"

Chwi, chwi, chwi.

"Wewe, Mjomba," watoto wakajibu. Matumbo yao nayo yakajibu, kwa njaa.

Kisha Mjomba akatangaza kwamba Nungu sasa ni wake, maana anamtii yeye peke yake. Kesho ataondoka naye.

Nyamvula akakivuta kisahani karibu yake.

Chai ikaletwa. Mjomba akainama kuchukua andazi la mwisho. Kijiko kikaruka mezani. Ngwe. Kikaganda kwenye kofia.

"Mbona kijiko kimekung'ang'ania, Mjomba?"

"Vijiko vyote vinanipenda, mwanangu," akasema Mjomba, huku akikibandua kwa nguvu.

Nyamvula akaitazama kofia. Akamtazama Nungu. Akaitazama kofia tena.

Ahaa.

"Mjomba," akasema kwa upole, "leo Nungu hasikii vizuri. Msogelee, umnong'oneze."

Mjomba akainama.

"Karibu zaidi, Mjomba."

Mjomba akainama zaidi. Kofia ikakaribia kugusa kisahani.

"Simama! Nani mku..."

Chwi, chwi, PWA!

Nungu akaruka. Akatua kwenye kofia. Akatua kwenye paji la uso. Akatua mpaka kwenye nyusi. Mjomba Ndaro akaota miba kichwani.

Watoto wakatumbua macho.

"Mjomba," akauliza Nyamvula, "nani mkubwa hapa?"

Mjomba Ndaro akajipangusa uso, weusi ukazidi kuenea.

Mama akamvua kofia. Sumaku ikaanguka sakafuni. Ko.

Mama akaiokota, akampa Nyamvula. Akamwongezea Nungu matone mengine. Mjomba naye hakusahauliwa. Alipewa sabuni. Halafu akapewa unga, awakaangie watoto maandazi yao.

Jioni, watoto wakala wakashiba. Nyamvula akapanda kitandani na kisahani chake. Akaishika sumaku chini yake.

"Simama, Nungu."

Chwi, chwi, chwi.

Akaiondoa sumaku.

"Lala, Nungu."

Pwaa.

Nungu akalala. Nyamvula akalala.

Mjomba Ndaro hajalala. Bado anasugua. Doa jeusi limebaki pale pale, katikati ya paji la uso.

Ukimuuliza, atakwambia alizaliwa nalo.